Mwaka Nilipotoa Minazi Nikapata Cheti

Hitima ya mjomba wangu Shaibu ilisomwa Pemba, hii ya mkoa wetu, si ile ya kisiwani, kwenye ua wa nyumba ya kupanga alimomalizia siku zake baada ya vita kumtoa Mocímboa da Praia mikono mitupu. Nilitoka Nampula alfajiri, nikafika kisomo kimekwisha na masinia ya pilau yameanza kupita upande wa wanawake. Nikakaribishwa mkekani, nikala. Tulipokuwa tunanawa, bibi mmoja aliyekuwa jirani yao zamani akaninyooshea kidole mbele ya wote. "Mnamwona huyu? Huyu ni profesora wa eskola kubwa kule Nampula. Marehemu ndiye aliyemsomesha. Mtoto wa dada yake, akamsomesha kama kamzaa mwenyewe." Wanawake wakageuka kunitazama, wakamwombea marehemu dua kwa wema wake. Nikaitikia amina. Nuru, binti wa marehemu, aliyekaa ubavuni pangu, aliendelea kufuta mkono mmoja kwa leso mpaka watu walipohamia maneno mengine. Katika ua ule wote ni sisi wawili tu tuliojua nilivyosomeshwa. Safari nzima ya kurudi nilikuwa na mwaka ule kifuani, na nilipofika nyumbani nikakaa kuuandika.

Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi na mbili, nakaa Palma kwa dada yangu Zena, sina kazi wala mume. Gesi ilikuwa midomoni mwa kila mtu, ingawa hakuna aliyeiona wala kuinusa. Ilisemekana iko mbali huko chini ya bahari, tena nyingi kuliko akili. Tulichokiona sisi ni magari meupe, wageni wenye kofia ngumu, na kodi za vyumba kupanda. Watu walihama vyumba vyao wakalala barazani ili wapangishe. Jirani yetu mmoja alilipaka chokaa banda la mbuzi, akatia kitanda, akapata mpangaji kutoka Maputo, na mbuzi wakawa wanalala jikoni. Jioni kwa Zena mazungumzo yalikuwa hayo hayo: mtu afanye nini ili aingie kwenye gesi. Mmoja aliapa kwamba kinachotakiwa ni Kiingereza. Mwingine akasema la, ni kujua kuchomelea vyuma. Wa tatu alikuwa na shemeji yake aliyeajiriwa kwa sababu ya leseni ya gari tu. Mimi nilikuwa nikipeta mchele pembeni, nasikiliza, na kila neno lilinichoma, maana katika hayo yote sikuwa na hata moja.

Mjomba alikuja kututembelea siku ya Ijumaa. Alikuwa mfanyabiashara wa saruji na mchele, mali akiivusha kutoka Mtwara kwa kivuko cha Namoto, kwenye mto wa mpakani, na alikuwa na sauti laini ambayo watu hunyamaza ili waisikie. Kanzu yake ilinukia udi. Zena alipika wali wa nazi, changu wa kukaanga na kisamvu, na Mjomba alikula kwa utulivu, akawa anamsifia mpishi kila baada ya matonge mawili matatu. Aliponawa mikono akanigeukia.

"Mwanaisha, mwanangu, umeisikia habari ya sertifikadu ya jiografia?"

"Sijaisikia, Mjomba."

"Basi mimi ndiye niliyekuletea. Kuna profesori kafungua chuo pale Mocímboa. Mwaka mmoja tu. Mnafundishwa ramani, kupima ardhi, kutumia vile vyombo vya setilaiti. Unapewa cheti mkononi. Sasa nijibu. Gesi iko wapi?"

"Chini ya bahari."

"Umeiona?"

"Hapana."

"Mimi je, nimeiona? Zena kaiona? Hao wageni wenyewe wameijuaje?" Akangoja, akitutazama mmoja mmoja. "Kwa ramani. Kila jambo lao linaanzia kwenye ramani. Mtu wa ramani ataitwa kabla ya dereva, kabla ya mpishi, kabla ya huyo anayejua Kiingereza."

Ada ilikuwa kubwa, na Mjomba hakuificha. Alisema kitu rahisi humpa mtu kazi rahisi. Kisha akataja minazi. Kwetu ardhi ni ya serikali na haiuzwi, kinachouzwa ni miti iliyosimama juu yake, na mama yetu alituachia minazi kule rasini, ng'ambo ya ghuba, nusu ya Zena na nusu yangu. Mjomba alisema yeye yuko tayari kuichukua nusu yangu. Angelipa ada yote, angenipa chumba na chakula nyumbani kwake mwaka mzima, na juu ya hayo minazi isingetoka kwenye ukoo. "Sitaki mgeni aje aile minazi ya dada yangu," alisema, na macho yakamlenga machozi. Mpaka leo sijui kama machozi yale yalikuwa ya uongo. Nadhani alimpenda dada yake kweli, na hilo halikumzuia.

Alimtaka Zena naye auze nusu yake. Zena alikuwa radhi, tena haraka, maana alikuwa anaota friji ya kuuzia maji baridi. Aliyekataa ni mumewe, Momade. "Minazi ya mke wangu haiuzwi," alisema huku akichokonoa meno. Hakuwa ameona mbele wala nyuma. Alitaka tu siku moja aiuze mwenyewe, na asingekubali mjomba wa mkewe amtangulie. Zena alimnunia wiki nzima kwa ajili ya friji ile.

Nilipima jambo lile kwa uwezo wangu wote. Nazi zilikuwa zinashuka bei. Chonga, wale mbawakawa wa minazi, walikuwa wameshaingia kwenye miti kadhaa, wanatoboa vilele mpaka makuti yanageuka manjano. Mkwezi alikuwa anachukua sehemu yake, mwizi sehemu yake, na kinachonifikia mimi ni cha kununulia sabuni na kitambaa. Upande wa pili niliweka kazi ya ofisini, mshahara wa kila mwezi, kutembea Palma mchana na kitambulisho kifuani mbele ya wasichana walioolewa wakanicheka. Niliuliza watu. Mwalimu wangu wa zamani alisema elimu haiozi. Jirani wa banda la mbuzi alisema nazi nayo haiozi upesi. Mwisho niliuza, mbele ya mashahidi, na siku ile nilikuwa na furaha hata nikashindwa kula.

Nyumba ya Mjomba Mocímboa ilikuwa ya matofali, yenye baraza la saruji nyekundu na sebule yenye viti vilivyofunikwa plastiki ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvikalia isipokuwa wageni. Chumba nilichoahidiwa kilikuwa stoo. Mifuko ya saruji ilipangwa hadi karibu na bati, na katikati paliachwa uchochoro ambao mkeka wangu uliingia kwa shida. Nililala nikavuta vumbi lile, nikaamka nakohoa, na nikitema, mate yalikuwa ya kijivu. Nuru, ambaye tulikuwa rika moja, alikuwa na chumba chenye vitanda viwili na cha pili kilikuwa kitupu. Nilipouliza kwa adabu kama naweza kulala kule, mama yake alisema, "Kitanda kile ni cha wageni." Huyu ndiye Mama Nuru, mkaza mjomba wangu, mwanamke mzuri wa sura, mwenye meno meupe na ulimi wa wembe. Alikuwa hapigi wala hapigi kelele. Alinipakulia mwisho, baada ya mtumishi wa dukani, na mara nyingi nilipewa mchuzi ambao samaki alipita tu akaaga. "Mwanafunzi akishiba, akili inalala," alikuwa akisema mbele ya wageni, nao wakacheka, nami nikacheka pamoja nao kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu. Kabla ya kwenda darasani nilifagia ua na kuchota maji. Nikirudi, masufuria yalikuwa yananisubiri. Wakija jamaa zake kutoka Mtwara, alinitambulisha hivi: "Huyu ni injinia wetu wa gesi. Injinia, leta maji ya kunawa."

Chuo chenyewe kilikuwa ghala la zamani lenye madirisha mawili. Profesori Anselmo, mtu wa kusini, mnene, mwenye shati moja la heshima alilolifua kila Alhamisi, alitufundisha kwa ramani moja ya ukutani na chombo kimoja cha setilaiti ambacho darasa zima tulipokezana kama mkate. Lakini alikuwa mwalimu wa kweli. Alituonyesha jinsi mistari ya ramani inavyobanana mahali penye mlima na kuachana penye bonde, na jinsi ya kuutafuta mlango wako mwenyewe kwa tarakimu. Siku ya kwanza niliposimama uani mwa ghala nikaiona nafasi yangu duniani imeandikwa kwenye kioo kidogo, nilisahau saruji na mchuzi. Niliipenda jiografia. Hilo nalisema wazi, kwa sababu wengine wakisikia kisa hiki hudhani nilisoma kwa kulaghaiwa tu.

Katikati ya mwaka alikuja mgeni kutoka kampuni moja, kijana wa miwani, Profesori akiwa amemwomba kwa muda mrefu aje kutupa moyo. Alisimama mbele yetu akauliza kwa Kireno nani anazungumza Kiingereza. Hakuna mkono ulioinuka. Akauliza nani ana shahada ya chuo kikuu. Hakuna. Akamgeukia Profesori na kumwambia kwa sauti ya kawaida, kana kwamba sisi ni mabenchi, "Sasa hawa niwafanyie nini?" Profesori akasema wanajua lugha za hapa, wanajua njia, watu watawafungulia milango. Kijana akasema, "Ah, kwa hilo, sawa," akaangalia saa, akaondoka bila kumaliza soda. Juma lililofuata nusu ya wanafunzi hawakurudi. Mmoja, aliyekuwa akikaa mbele yangu, alimwambia Profesori usoni kwamba ni mwizi. Profesori alijibu polepole, "Mimi nauza jiografia. Kazi sikuwahi kuziuza," kisha akageukia ubao, na chaki ikawa inamkatikia mkononi. Mimi nilibaki. Nilikuwa nimeshalipia na minazi, na mtu aliyelipia na kitu kisichorudi hana budi kuamini.

Muda si mrefu baada ya hapo Profesori alitandika mezani nakala ya ramani iliyochapwa vizuri, akasema ni ramani ya eneo lililotengwa kwa ajili ya kiwanda cha gesi, ameipata kwa rafiki yake wa ofisi ya mkoa. "Tafuteni mahali mnapopajua," alisema. Nilianza na ghuba ya Palma, nikafuata pwani kwa kidole hadi rasini, nikauona mkono wa maji wenye mikoko, nikauona mlango wake, na hapo juu kidogo palipaswa kuwa na minazi yetu. Mstari mwekundu ulikuwa umepita kwa mbali na kulizunguka shamba lote, nusu yangu na nusu ya Zena, na vijiji vya jirani pamoja. Nikamuuliza Profesori maana yake. Akasema watu watahamishwa, na serikali itasimamia kila mwenye mti alipwe mti wake, na mnazi unaozaa utalipwa vizuri. Nikatazama tarehe pembeni pa karatasi. Ilikuwa imechorwa kabla ya masika. Mimi niliuza baada ya masika.

Msomaji atanicheka, lakini wazo la kwanza lililonijia lilikuwa la huruma. Nilidhani Mjomba naye hajui. Nilidhani amenunua minazi yangu kwa wema wake, na sasa inachukuliwa, na hayo ya kulipwa ni maneno tu ya serikali kama mengine tuliyozoea. Nikatoka darasani nikienda mbio kwenye jua la mchana. Niliwakuta wanakula, Mjomba, mkewe na Nuru, wali na kamba wa nazi. Nikapiga magoti mlangoni pa sebule.

"Shikamoo Mjomba. Nimekuja na habari mbaya."

"Marahaba, mwanangu. Nani kafa?"

"Minazi ya mama. Nimeiona kwenye ramani. Iko ndani ya eneo la gesi. Wataichukua, Mjomba. Nisamehe, mimi sikujua wakati nakuuzia."

Nuru aliacha kutafuna. Mama Nuru alijifunika mdomo kwa upande wa kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mjomba alimtupia jicho, kisha akanitazama kwa upole mkubwa. "Msamaha wa nini? Mali ya dunia, mwanangu. Nenda kanawe uje ule." Na siku ile, kwa mara ya kwanza, nilipakuliwa kamba watatu wazima.

Baada ya kula nilichukua masufuria nikakaa nyuma ya jiko, mahali pa kuoshea, ambapo ukuta ulikuwa wa makuti. Walidhani nimeenda kisimani. Nilimsikia Mama Nuru akicheka kicheko alichokuwa amekibana, kinatoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa. "Kaja kukupa pole! Wallahi, kapiga magoti kabisa! Kakuomba msamaha!" Mjomba akamwambia ashushe sauti, lakini naye sauti yake ilikuwa ina kicheko. "Nilikuwa nafikiri atajua mwishoni kabisa," akasema. "Sikujua wanawafundisha ramani kweli." Wakacheka wote wawili. Halafu akasema mtu wake wa serikalini alimpa habari kabla ya wengine, na kwamba lau Momade asingekuwa mpumbavu, angeipata na ile nusu ya pili. Nilikuwa nimeshika sufuria lenye ukoko. Nililisugua mpaka likang'aa, nikalisugua tena.

Nuru alinikuta palepale. Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaja." Akachutama, akachukua sufuria jingine. "Ungefanya nini wewe ungekuwa mimi? Ungemwambia nani?" Alisugua kidogo, kisha akasema kwa uchungu ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake, "Mimi nilimwomba anipeleke chuo hicho hicho. Akaniambia msichana wa kuolewa hahitaji jiografia. Hela anazo. Wewe kakusomesha kwa sababu kuna kitu anapata kwako. Kwangu mimi hapati kitu." Sikumwonea huruma. Nilitamani nimpige.

Nilimkabili Mjomba siku ya pili yake, barazani, mbele ya imamu wa mtaa na wazee wawili aliowaita mwenyewe, maana alishajua nakuja na nini. Nikasema nataka minazi yangu. Hakukasirika. Aliwauliza wazee kama palikuwa na mashahidi siku ya kuuza. Walikuwepo. Aliuliza kama nililazimishwa. Sikulazimishwa. Kisha akanigeukia na ile sauti yake laini. "Tupime pamoja, mwanangu. Mimi nimepata miti ambayo chonga wanaila. Nitalipwa mara moja, fedha nitazila, zitakwisha. Wewe umepata elimu. Hiyo itakulisha mpaka uzeeni, hakuna mwizi wa kuikwea. Sasa kati yetu nani kampunja mwenzake?" Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Imamu aliniambia nimshukuru Mola kwa kupata mlezi. Nikaulizwa kama nataka kuendelea na masomo au kurudi Palma. Kama ningerudi, ada isingerudishwa. Nikasema nitaendelea. Jioni ile mchuzi ulirudi kuwa kama zamani, na Mama Nuru aliacha hata ule utani wa injinia. Aliniita "wewe".

Nimekuwa nikifundisha jiografia kwa miaka mingi sasa. Cheti kile ndicho kilichonifungulia mlango wa kwanza wa kufundisha, na mlango ule ukanipeleka kwenye mwingine, mpaka nikapata shahada na nyumba ya bati la rangi. Fedha alizolipwa Mjomba kwa minazi yangu alijengea maghala mawili Mocímboa, na vita vilipoingia mji ule maghala yaliungua na kila kilichokuwemo, naye akatoka kwa miguu, amemshika mkewe mkono. Mama Nuru alifia njiani. Fedha za Zena zilikwenda kwa Momade, na za Momade zikaenda kwa mke mdogo. Kwa hiyo ukiniuliza leo kama cheti kilistahili gharama yake, jibu la kweli ni kwamba kilistahili. Mtu yule alinidhulumu akijua ananidhulumu, alinicheka nikiwa nimepiga magoti kwa ajili yake, na bado hesabu aliyonipigia barazani ikatoka sawasawa. Hilo ndilo nililoshindwa kumsamehe akiwa hai. Dhuluma yenyewe nadhani ningeisamehe.

Lakini wakati ule sikuyajua hayo ya mbele. Nilimaliza mwaka, nikapata cheti chenye muhuri wa rangi ya samawati, nikarudi Palma. Haukupita muda, ile hoja ya Profesori ya kufunguliwa milango ikatimia. Kampuni ya kandarasi iliyopewa kazi ya kuhesabu mali za watu wa rasini ilitaka wasaidizi wanaojua lugha ya hapa na kutumia chombo cha setilaiti. Nikaajiriwa. Nilivaa fulana yenye mistari inayong'aa, chombo kikaning'inia shingoni, nikatembea kijiji hadi kijiji nyuma ya mkuu wetu, injinia kutoka Maputo tuliyemwita Engenyero Tomás. Yeye aliuliza kwa Kireno, mimi nikauliza kwa Kiswahili, mwenye miti akajibu, kijana mwenye kopo la rangi akaandika namba kwenye shina. Watu walinikaribisha viti na madafu. Walisema, "Huyu ni wetu." Nilirudi jioni nimechoka na nimejaa fahari, na Zena mwenyewe alianza kuniwekea maji ya moto ya kuoga.

Zamu ya shamba letu ilipofika, Mjomba alikuwa ameshatangulia kutoka Mocímboa, amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya kivuli cha minazi iliyokuwa yangu. Alinikumbatia mbele ya wote. "Binti yangu," alimwambia Engenyero kwa Kireno chake cha mpakani. "Mimi ndiye niliyemsomesha." Tukaanza kuhesabu. Kati ya minazi mikubwa palikuwa pamepandwa miche michanga, imebanana kama mpunga, majani mawili mawili, udongo wake bado umetifuka. Kila mtu rasini alishaambiwa kwamba kilichopandwa baada ya tangazo la kuhamishwa hakilipwi. Engenyero akasimama, akaniangalia.

"Wewe ni mwenyeji. Hii ilipandwa lini?"

Mjomba alinitazama kwa uso uleule wa siku ya kamba. "Mwambie, mwanangu," akasema kwa Kiswahili. "Ilikuwepo tangu enzi za mama yako."

"Ilipandwa baada ya tangazo," nikasema kwa Kireno. "Mwaka jana hapa palikuwa na nyasi."

Engenyero akamwambia kijana wa rangi aiache ile michanga. Mjomba hakubadilika uso. Alikunja kiti chake, akamsogelea Engenyero, akazungumza naye kando, kwa sauti ya chini, mkono begani kama watu waliojuana siku nyingi. Nilisikia maneno machache tu. Mpwa. Shamba lilikuwa lake. Ana kinyongo. Anaweza kuharibu hesabu ya kila mtu. Kisha akarudi akapita mbele yangu bila kusimama, akasema, "Umesoma vizuri."

Tulipomaliza minazi ya Zena, ambayo haikuwa na mche mchanga hata mmoja kwa sababu Momade ni mvivu, tukaingia garini. Engenyero alikaa mbele. Tulipoikaribia Palma akanyoosha mkono nyuma, kiganja juu, na nikaelewa anataka chombo. Nikakivua shingoni.

"Nimesema uongo?" nikamuuliza.

"Hapana. Lakini mtu mwenye dai kwenye shamba hawezi kuhesabu. Mjomba wako akilalamika ofisini Pemba, kazi yetu yote itatupwa. Na huku kila shamba lina mjomba kama huyo." Alikuwa amechoka, hakuwa mtu mbaya. "Cheti chako hakina kasoro. Kasoro ni kwamba wewe ni wa hapa."

"Mlinichukua kwa kuwa mimi ni wa hapa."

"Najua," akasema, akafunga chombo kwenye mfuko wake.

Walinishusha njia panda. Nilimkuta Zena amechinja kuku, maana minazi yake imepata namba na kaipokea siku ile kama arusi. Ndugu wa Momade walikuwa wamejaa mkekani. Niliwaeleza yaliyonipata, nikiwa nimesimama, na Zena alinisikiliza mpaka mwisho akiwa na mwiko mkononi. "Kaa ule," akasema. "Usinilizie watu, leo ni siku ya furaha." Nikakaa. Momade alikuwa katikati ya mpango wa gari la mizigo atakalolinunua Tanzania fedha zikitoka, rangi yake anaijua, bei yake anaijua, alichokuwa hajui ni njia ya kulileta. Nduguze walikuwa wanabishana. Akanigeukia, mdomo umejaa. "Shemeji, wewe uliyesoma. Nilipitishe wapi?"

Nikamwambia kivuko cha Namoto hutegemea maji kujaa, na gari zito linaweza kukaa ukingoni siku nzima likingoja, lakini njia ya kuzunguka darajani kule juu mtoni ni ndefu mno, na ukishavuka lazima upite barabara ya Pundanhar, ambayo mvua ikinyesha haipitiki. Nikamwambia avuke Namoto, kiangazi, bamvua likiwa limejaa. Wote walikuwa wamenyamaza kunisikiliza. Momade akatikisa kichwa, akameza.

"Umeona," Zena akamwambia mumewe, huku akiniongezea wali, "minazi yake haikupotea bure."

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Nami niliendelea kula, kwa sababu kuku alikuwa mtamu, na tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni.